Kelele za Kisanduku

Kisanduku kilimwita tena, kwa jina lile lile la utotoni.

"Rehani..."

Sindano aliondoa mguu juu yake kama aliyekanyaga kaa la moto. Bendi nzima ikanyamaza. Kwenye spika ukabaki mkoromo, kisha nao ukafa.

Agustino, kiongozi wa bendi, aliuliza kuna nini tena. Sindano akasema ni kelele tu, waya umelegea. Angesema nini? Kwamba marehemu mke wake anamwita kutoka kwenye spika? Wangemcheka mji mzima.

Maana Morogoro mjini kila mtu alimjua kwa jina la Sindano, tangu gitaa lake lilipoanza kuwachoma watu masikioni. Rehani lilikuwa jina la kwao, Kinole, huko mlimani. Hapa mjini lilikuwa kinywani mwa mkewe Pili peke yake, na Pili walimzika mwishoni mwa masika. Baada ya msiba Sindano hakuweza tena kulala kwenye chumba chao cha Mwembesongo. Alihamia kimya kimya upande wa Msamvu, akaondoka na gitaa lake na redio ya marehemu.

Na hiyo redio ndiyo aliyoipasua. Siku hizo ungeulizia transista, kile kidude cha ndani ya redio, dukani wakuangalie kama umeomba mwezi. Yeye alitaka kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kile kinacholifanya gitaa likwaruze na kulia kama la wageni. Basi akaitoa redio matumbo, akayalehemu upya ndani ya kisanduku cha mbao. Kikalia kweli kweli! Tatizo likawa hiyo kelele ya jioni, wakati wa mazoezi: sauti ya mwanamke, mbali, jina lake likitoka wazi na maneno mengine yote yakizama kwenye mkoromo.

Agustino hakuzunguka. Saba Saba inaangukia Jumamosi, wakubwa wa mkoa watakuwepo dansini. Kisanduku kikikoroma tena, gitaa la solo atalipiga mwenzake Athumani. Na mwanamuziki asiye na bendi alijua kinachomngoja: arudi kijijini akashike jembe.

Sindano akaanza kuisaka kelele. Akabadilisha betri. Akalehemu upya kila kiungo. Akafupisha nyaya, akazima taa ya tyubu, akahamisha spika kona hii na ile. Wapi! Jioni ikifika, Rehani, Rehani. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda. Alijua kosa lake: ameivunja redio ya mwenzake hata udongo wa kaburi haujakauka. Mama yake alikuwa ameshamtumia salamu, kwa mtu wa kwao aliyekutana naye sokoni kwa bahati, apande Kinole, akae naye kidogo, msiba upoe. Yeye akarudisha jibu kwamba atakuja akimaliza kisanduku.

Dawa ya kelele aliijua tangu mwanzo, na ndiyo iliyomwogopesha. Unakifungia kisanduku ndani ya kopo la bati, unaliunganisha kopo na waya wa ardhi, basi; kelele inakosa pa kuingilia. Kopo la maziwa ya unga alikuwa nalo. Ijumaa alishinda nalo mapajani bila kulifanya lolote. Alimpenda yule mwanamke, jamani, na sasa alijiona kama anamfukia mara nyingine, kwa mkono wake mwenyewe.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Niache nifanye kazi."

Akakibana kifuniko.

Jioni ile kisanduku kiliimba safi. Hakuna aliyeitwa. Na usiku wa Saba Saba gitaa lililia hata wakubwa wakaacha viti vyao, suti zao za Chunlai, zile za mtindo wa Kichina, zikalowa jasho. Sindano alipiga huku machozi yanamtiririka, na watu wakadhani ni madaha ya wanamuziki.

Walipopumzika alitoka nje kupunga upepo. Mlangoni alimkuta mjomba wake, mzee Abasi, miguu imejaa vumbi la mlimani. Sindano akamwamkia. Mzee aliipokea shikamoo, akamshika mkono, asiuachie.

"Mama yako tumemzika jana, Rehani. Tulikutafuta Mwembesongo, wakasema ulihama, hakuna ajuaye ulikokwenda. Jina lako la huku mjini hatulijui; leo nimekuja kubahatisha tu dansini."

Sindano akaketi kizingitini, mkono wake ungali mkononi mwa mzee.

"Katibu wa kijiji alitupelekea tangazo redioni," mzee akaendelea. "Kila jioni yule binti mtangazaji alikuita: Rehani, popote ulipo, mama yako ni mgonjwa sana, anakuita. Tulimwekea redio pale kitandani, awe anasikia. Amekufa anatuambia tusiwe na wasiwasi, umeshasikia, uko njiani."