Hela ya Kumlea Emiliana

Hyasinta alianza na viatu. Alivipiga picha kwa simu, soli zimeachama, ndani kumetandikwa kipande cha boksi. Kisha akamgeuza Emiliana, akapiga picha sweta lililotoboka viwikoni. Mwezi wa sita, mtaa wa Turffontein, huku kusini ndio kipupwe, baridi inauma mpaka kwenye meno, na mtoto amevaa hivyo.

"Leo Denise atanijua," alisema.

Yeye na Denise walikuwa wapangaji wa uani, mlango kwa mlango. Denise, Mkongomani mwenye makaratasi kamili ya kuishi nchini, si kama Hyasinta, alipewa na korti kumlea Emiliana tangu akiwa mchanga, na serikali ilimpa hela ya ulezi kila mwezi. Hela ikiingia, binti zake, Arlène na mdogo wake, wanasukwa rasta mpya. Emiliana anakula wenzake wakishamaliza.

Hyasinta alikuwa amesema mpaka amechoka. Jana yake alisema tena, bombani, wapangaji wote wanasikia.

"Mtoto analala na njaa, Mama Arlène! Mungu humwogopi?"

Denise alikamua nguo yake taratibu. "Weye uko nani kwake? Sema basi, batu basikie."

Hyasinta akabeba ndoo yake, akaondoka. Wapangaji wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichomchoma. Kisasi kinaanza hivyohivyo, akina mama, unajiona una haki kabisa.

Ofisini alimkuta Nomsa, afisa wa ustawi wa jamii, wakaongea Kiingereza. Nomsa alitazama zile picha, uso ukakunjamana.

"Eish! Nimeshamwomba amwasili, awe mtoto wake kabisa. Hataki. Anajua akishamwasili ile hela inakatwa." Akainua macho. "Na wewe ni ndugu yao?"

"Jirani tu."

"Mtoto ana ndugu yeyote unayemjua?"

"Hana," Hyasinta alijibu haraka. "Ila mimi amenizoea sana. Mnyang'anyeni yule mwanamke. Aaibike, watu wamwone!"

"Tutamchukua mtoto," Nomsa akasema.

Hyasinta alirudi anaimba. Kwao Songea, mtoto akitolewa nyumba hii anaingia ya jirani. Apelekwe mbali kwa nani? Akanunua blanketi la pinki, akalitandika kitandani upande wa ukutani. Akachambua maharage.

Gari la ofisi lilikuja Alhamisi asubuhi. Uani watu walijaa. Nomsa alimsomea Denise makosa yake mbele yao wote: hela imesimamishwa, na huenda akashtakiwa. Hyasinta alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani, anatabasamu.

"Cheka sasa, Mama Arlène! Mbona hucheki?"

Nomsa akamshika Emiliana mkono, akampitisha mbele ya mlango wa Hyasinta bila kusimama, akamwingiza kwenye gari.

Hyasinta akawafuata mbio. "Mnampeleka wapi? Si kwangu ni hapa?"

"Kuna mume na mke wamengoja muda mrefu kuasili mtoto," Nomsa akasema. "Watu wazuri. Wako mji mwingine, haturuhusiwi kuutaja. Korti ikishapitisha atakuwa wao moja kwa moja, hata jina la ukoo watampa lao." Akampigapiga begani. "Umefanya kazi nzuri, jirani. Yatima kama huyu hana wa kumsemea."

Mlango wa gari ukafungwa. Ndani, Emiliana alipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Hyasinta akaweka kiganja chake juu ya kioo.

Denise akamsogelea mpaka sikioni, akasema kwa Kiswahili, ambacho Nomsa hakijui hata neno:

"Mwambie basi. Si ni weye uliapa kule korti, ukasema mama yake alikufaka? Haya, fufuka."