Sabini na Nane

Kwa miezi minne, ugumu wa plastiki ya mishikio ya magongo ya wagonjwa ulikuwa sabini na nane. Asubuhi sabini na nane, mchana sabini na nane. Hakuna aliyeshangaa kiwandani ila mpimaji wa zamu ya mchana, naye alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Ilianza siku aliyokuwa na haraka ya kwenda kwa dada yake. Mchanganyiko ule wa poliesta mbili ulitakiwa upoe polepole ndani ya kalibu, fuwele zijipange, plastiki igeuke nyeupe kama maziwa na kuwa ngumu. Yeye aliitoa sampuli mapema. Ikatoka angavu kama kioo, laini. Mshale wa kipimo ukasimama kwenye sitini na moja. Kurudia kungemchukua saa nzima. Akachungulia daftarini, pale alipoandika mwenzake wa asubuhi, mtu aliyebatizwa Mzee Kipimo kwa miaka thelathini ya kutokosea. Akanakili namba yake.

Kesho yake akanakili tena. Ikawa mazoea.

Kila walipopokezana zamu, Mzee Kipimo alimuuliza, "Jana ulipata ngapi, mwanangu?"

"Sabini na nane, Mzee."

"Haya. Vizuri."

Alihisi anachunguzwa. Alijibu akitazama viatu vyake, uso unamwaka.

Kisha gongo moja likarudi kutoka hospitali. Mshikio ulikuwa umepinda kama mshumaa juani. Mama aliyeliegemea alianguka ngazini, akavunjika nyonga. Meneja alilitupa gongo hilo mezani.

"Sijui tumekosea wapi," alisema. "Daftari ni safi. Zamu zote mbili zinakubaliana."

Siku hiyo mpimaji hakutia kitu mdomoni. Jumapili alikwenda nyumbani kwa Mzee Kipimo. Alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni: haraka yake, sampuli, namba za wizi, yule mama.

"Nimekuchafulia jina, Mzee. Miezi yote hii sikupima kitu, nilinakili zako tu. Kesho nakwenda kwa meneja."

Mzee aliinamia kikombe chake cha chai. Alipoinua uso, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Usiende peke yako," alisema. "Ule mshale siuoni tangu mwaka jana, mwanangu. Mimi nilikuwa naandika zako."