Mwenyekiti wa Pipa

Paka alimtia Perege kwenye pipa la maji uani, akamwambia waziwazi: "Kula viluwiluwi vyote vya mbu, nami nitajitahidi kusahau jinsi ulivyonona."

Perege akala kwa bidii, mpaka Mama Mbu alipotua ukingoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti!"

Perege akageuka kutazama nyuma. Hakukuwa na mwingine. "Marahaba," akajibu, mapezi yamemvimba.

"Mwenyekiti mzima unakula watoto wa wapiga kura wako?"

Aibu ikamshika. Tangu hapo akawa anavikagua tu viluwiluwi vikimpita kwa mstari, akivipungia pezi na kuvitakia maendeleo mema. Navyo vikaendelea: vikaota mabawa, vikaruka.

Siku moja Paka akaja pipani akijikuna masikio mpaka manyoya yanatoka.

"Ngoja, Bwana Paka, naanza kula sasa hivi!" Perege akazunguka pipa zima. Hakuna kiluwiluwi hata kimoja. Wapiga kura walikuwa wamehamia mgongoni kwa Paka.

Paka akazamisha kucha majini.

"Mwenyekiti haliwi!" Perege akalia. "Mama Mbu, mwambie!"

Mama Mbu, aliyekuwa ameng'ang'ania sikio la Paka, hakuinua hata kichwa. "Samahani, Mwenyekiti. Niko mezani."