Bakuli Lisirudi Tupu

Haya alinisimulia wifi yangu Mwanamvua, siku tulipokuwa tukichambua mchele wa arusi ya mwanangu.

Hemedi na jirani yake Mbaruku walibishana barazani. Mbaruku alisikia redioni kwamba kati ya nyota na nyota kuna utupu mtupu. Hemedi akasema Mungu hakuumba utupu. Wakatukanana, wakaapa hawatazikana.

Sasa, bakuli la kina Hemedi lilikuwa bado kwa Mbaruku, na chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. "Likirudi tupu," mkewe Hemedi akasema, "ujirani umekwisha." Hemedi akakosa usingizi.

Ijumaa baada ya swala, Mbaruku akalileta mwenyewe, limefunikwa kwa kawa. Hemedi akasita.

"Funua, sheikh! Au waogopa utupu?"

Akafunua. Vitumbua, vingali vya moto.

"Ungelileta tupu ungenishinda," Hemedi akasema, akishusha pumzi.

"Utupu uko huko juu, ndugu yangu. Kwangu haupo."

"Hata huko juu haupo!"

Wakala huku wakibishana. Hemedi akapitiwa na usingizi, kitumbua mkononi. Mbaruku akaendelea kumweleza habari za nyota, mpaka naye akalala palepale, bakuli tupu katikati yao.