Hajambo, Tunashukuru

Karani wa hospitali alipofungua dirisha, mama mmoja alikuwa wa kwanza, mkononi kadi ya kliniki yenye tarehe ya siku hiyo, iliyokunjwa hadi ikalegea kama kitambaa.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Tafuta kwanza jina lake, mwanangu."

Kompyuta ilikuwa inawaka polepole. Mwanamke aliyesimama nyuma akamuuliza mama amengoja muda gani. Mwaka na miezi miwili, akamjibu. Mwenzake akaguna. "Basi wewe bado mgeni. Wangu aliingia foleni hii hana jino, sasa ana ndevu."

Binti wa mama, kifungua mimba wake, alianza kwa kukodoa macho, kijiko kimesimama njiani. Kisha akawa anaanguka. Zahanati ikaandika barua kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, naye yuko mmoja tu. Mama akahamisha jiko, akaficha mabeseni, akawa analala amejifunga shuka moja naye.

Siku aliyopeleka barua aliona tangazo ukutani, akalisoma silabi kwa silabi. Ili kupunguza foleni, muuguzi atawapigia simu wanaosubiri. Aliyezidiwa atasogezwa mbele, aliyepona atampisha mwenzake. Tangu hapo simu haikumtoka kifuani.

Mwezi wa saba wa kungoja, ikaita. Muuguzi alikuwa na sauti ya upole. Akasalimia, akauliza hali za nyumbani, akauliza na mtoto anaendeleaje. Mama akaitikia kama alivyolelewa, maana humwagii mtu shida zako salamu hazijaisha. Muuguzi akashukuru, simu ikakatika kabla hawajafika kwenye ugonjwa. Mama alishinda kutwa akingoja apigiwe tena.

Kompyuta ikafunguka. Karani akauliza tena mgonjwa yuko wapi.

"Tulimzika Jumanne. Aliangukia beseni la nguo. Maji yenyewe hayafiki kiwiko." Mama akasukuma kadi chini ya kioo. "Nimekuja kuwaambia nafasi yake ya leo mumpe mtoto wa dada huyu hapa nyuma."

Karani akasoma, akasoma tena.

"Mama, hii nafasi alishapewa mwingine. Miezi saba sasa."

Akamgeuzia kompyuta. Mama akasogea, akaanza kusoma silabi kwa silabi: *Aondolewe foleni, amepona. Mama yake amesema hajambo, wanashukuru.*