Wimbo wa Kabatini

Alikuwa amejikunja ndani ya kabati la nguo, gitaa mapajani, makoti ya mumewe yakimpapasa masikio, aliposikia geti likifunguliwa. Saa kumi na moja jioni, kama kawaida. Akabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye kompyuta, akaanza kuimba.

Geti hilo lilifungwa kwa nje kila asubuhi, na ufunguo ulikwenda kazini mfukoni mwa mume. Simu aliachiwa, ili apigiwe kila saa aulizwe yuko wapi. Kana kwamba angekuwa wapi! Hata maikrofoni mbili alinunuliwa. "Heri uimbe ndani kuliko uzurure," mume alisema, akajiona mkarimu kweli kweli. Moja aliiweka kabatini, mbele ya mdomo wake; gitaa alilichomeka kwa waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Ya pili aliitundika karibu na mlango wa chumba, ichukue sauti ya chumba chenyewe.

Aliwahi kwenda kwa baba mkwe kumwaga shida zake. Mzee alicheka mpaka machozi. "Mwanangu? Huyo hana hata sauti ya kufukuzia kuku! Rudi nyumbani, mkwe wangu, usituletee vituko." Akarudi, na kesho yake geti likapata kufuli. Tangu siku hiyo alijua jambo moja tu: wimbo huu ndio utakaomtoa.

Kujifunza kulimtoa jasho. Mwalimu wake alikuwa fundi wa studio, mwanamke aliyesoma naye zamani, na masomo yote yalipita kwenye simu.

"Mbona hurekodi asubuhi, nyumba ikiwa kimya?" fundi alimuuliza.

"Asubuhi haifai."

"Haya. Lakini hapa katikati umeacha kuimba, kuna kelele nyuma. Kata. Au iachie programu, inasafisha yenyewe, kufumba na kufumbua."

"Sikati kitu, shoga yangu. Nataka iwe nzima, mwanzo hadi mwisho. Nifundishe kwa mkono: sauti nzito inakaa wapi, nyembamba wapi, nikipandisha moja nisiiharibu nyingine."

"We una kichwa kigumu! Wenzio wanataka ya haraka."

"Haraka ya nini? Mimi nipo tu, siendi popote."

Wakacheka wote.

Alianza upya mara ishirini, mara thelathini. Akajifunza kushusha mvumo wa friji, kupunguza mwangwi wa ukuta, kupandisha kidogo kidogo mpaka kila silabi isikike. Kabati lilinuka jasho, miguu ilikufa ganzi, na kuna siku alitamani kuupiga mlango mateke mpaka uvunjike. Akauma meno, akaendelea.

"Msanii!" mume alimtania. "Wimbo mmoja miezi miwili? Ungekuwa unajenga nyumba tungeshahamia!"

Kazi ilipokamilika, alimwomba mumewe kitu kimoja: awaite wazee wake waje kusikiliza. Mume akavimba kichwa. Jumamosi mchana sebule ikajaa: baba mkwe kwenye kiti kikubwa, mama mkwe pembeni yake, mashangazi watatu wamebanana kwenye kochi.

"Nimemwezesha mwenyewe," mume akatamba, akiwamiminia soda. "Wanaume wangapi wanawafanyia wake zao hivi?"

"Mwanangu ana moyo," mama mkwe akasema. Mashangazi wakapiga vigelegele hata kabla ya kusikia chochote.

Mke akafungua kompyuta, akawageuzia spika. Kwenye skrini kulikuwa na mistari mitatu: sauti yake, gitaa, na chumba. Akaizima sauti yake. Akalizima na gitaa. Kisha akabonyeza, na sebule nzima ikamsikia mtoto wao, neno kwa neno, akimweleza mkewe atakavyomvunja miguu siku atakayothubutu kutoka.