Paa Aliyejua Kulia

Chuo cha sheria cha wanyama kilifundisha kwa kesi za kuigiza. Paa alifanywa mshtakiwa kila mara kwa sababu alijua kulia. Nyani, mwanafunzi mpenda sifa, alikuwa hakimu.

Baadaye Nyani akawa hakimu wa kweli, na Paa akaletwa mbele yake akisingiziwa kula mayai ya Kanga.

"Mheshimiwa, mimi nakula majani tu," Paa alisema huku machozi yakimtiririka.

Nyani akatabasamu. "Dada Paa, hujabadilika hata kidogo."

"Leo siigizi, mheshimiwa."

"Hayo nayo ulikuwa unayasema."

Akamhukumu kifo. Mawakili, wote waliosoma chuo kile, wakapiga makofi.

Wiki ile ile chuo kilitangaza kwamba kinatafuta mshtakiwa mwingine anayejua kulia.